Kabla Sijakuozesha

Gikondo, Kigali
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Sauda,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii iwe imekufikia wewe mwenyewe mkononi, na si kwamba kuna mtu amekaa kitako anakusomea. Bi Rehema, yule mama wa Ngamiani anayeuza vitenge hapa Biryogo, ameniapia kuwa hatampa mama, wala shangazi, wala jirani yeyote. Nimemwambia akikukuta jikoni akuite uani, na akikukuta uani akuite chooni. Alicheka sana, lakini ameelewa. Hujambo lakini? Mama goti lake limepoa? Na shangazi Mwanakombo, ambaye najua hana ugonjwa wowote wala hana mpango wa kuupata, msalimie ukishamaliza kusoma, siyo kabla.

Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Kichwa ndicho hakitulii.

Utashangaa kwa nini nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Simu ya mama ikilia inawekwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, mpaka anayekuja kuomba chumvi anachangia. Yako tangu uwekwe ndani anapokea shangazi. "Bibi harusi hashiki simu, mwanangu, sema mie nitamfikishia." Nikamwambia sina ujumbe, nataka kusikia sauti yake tu. Akanijibu nitaisikia siku ya walima. Ndiyo maana nikamfuata Bi Rehema nilipopata habari kuwa anasafiri.

Ngoja kwanza nikueleze kazi, kwa sababu yote yanayonihangaisha yameanzia hapo. Najua nyumbani hakuna anayeelewa hasa ninachofanya. Mama anawaambia watu natengeneza tochi, na kusema kweli hajakosea sana. Ninachotengeneza kinaitwa leza. Ni mwanga, ila huu wetu hauonekani kwa macho. Tunachukua gesi ileile inayofanya soda itoe mapovu, tunaichanganya na naitrojeni na heliamu ndani ya chombo tulichokwisha kukitoa hewa, kisha tunaipitishia umeme. Gesi inasisimka, inatoa mwanga, ule mwanga unapigwa huku na huku kati ya vioo mpaka unakuwa na nguvu, halafu unatokea upande mmoja. Ukisimama pale huoni kitu. Unachoona ni tofali lililowekwa mbele yake linaanza kuwa jekundu katikati, kama kaa la moto, na hujui moto umetoka wapi. Ukiweka bati, linakatika.

Mashine za namna hii zipo siku nyingi, ila zile zenye nguvu ya kukata chuma ni kubwa mno. Ukitaka nguvu zaidi lazima urefushe bomba la gesi, au ufunge feni kubwa ya kuizungusha, mwishowe unapata kitu cha kujaza chumba kizima. Fundi wa mageti hapa Gikondo ataiweka wapi? Bi Claudine, mwenye karakana hii, alinitoa Dar kwa neno moja tu. Aliniambia, "Nitengenezee ndogo, nguvu isipungue." Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa mpaka akasirike. Akikasirika anahamia Kinyarwanda na mimi nabaki nasoma uso.

Basi tukaachana na bomba. Tumeweka mabamba mawili ya chuma, mapana na membamba, yanatazamana karibu sana, gesi imekaa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Nyuma ya kila bamba yanapita maji. Gesi ikipata joto haina safari ndefu, inagusa bamba na kupoa. Gesi ya moto haitoi mwanga wa maana, Sauda, na kazi yangu yote ukiikamua inabaki hiyo: kuipoza gesi mahali padogo. Miezi yote hii nimekuwa nikibana. Huku napunguza, kule nasogeza, mpaka sanduku zima limekuwa na ukubwa wa lile kasha la nguo la shangazi. Nilikuwa najisifu kimoyomoyo.

Sasa sikia yaliyonipata. Siku tuliyowasha mara ya kwanza, gesi iliwaka rangi ya waridi, nzuri, imetulia. Fundi mwenzangu, Innocent, mtu mzima anayekereza vyuma vyetu vyote kwa mkono wake, alivua kofia. Tukaanza kupandisha umeme. Tukasikia "ta", cheche ya buluu ikaruka kutoka kwenye nguzo ndogo inayoshika waya wa umeme mpaka kwenye ukingo wa sanduku. Haikuruka ndani kwenye gesi, iliruka nje, kwenye hewa hii tunayoivuta. Tukazima, tukafuta vumbi, tukawasha, "ta". Nikabadilisha waya. Nikalaumu unyevu. Siku iliyofuata nikalaumu skrubu, nikasema zina ncha kali. Innocent akazitoa moja moja akazipanga mbele yangu.

"Boss, vyuma yangu iko sawa," akasema. "Wewe angaria umeme yako."

Niliangalia umeme wangu siku nyingi bila kuona kitu. Nilikuja kuona nikiwa jikoni napika maharage. Unanijua mimi na maharage. Huku yananitesa, yanachemka tangu asubuhi na bado ukiyatafuna yanakujibu. Hata chai haiunguzi ulimi kama ya kwetu. Tangu nifike nilikuwa nayalaumu maharage ya watu. Ilikuwa Jumamosi, nimesimama juu ya sufuria nalalamika peke yangu, ndipo nikakumbuka jambo nililofundishwa tangu shule, nikaona haya hata ya kuendelea kusimama. Mji huu uko juu milimani na hewa yake ni nyepesi. Maji yanachemka kabla hayajawa moto kama ya Tanga. Na hewa nyepesi haiuzuii umeme kama hewa nzito ya pwani. Ile nafasi niliyoiacha kati ya nguzo na sanduku niliichukua vilevile kutoka kwenye kazi zangu za Dar, ambako haikuwahi kunisumbua. Hapa umeme unairuka kama mtoto anavyoruka mfereji.

Kosa hili lazima ulifanye ukiwa mtu wa pwani. Fundi aliyezaliwa mlimani angeuliza hewa kwanza. Mimi nilidhani hewa ni hewa. Nilipomweleza Bi Claudine alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea Kinyarwanda muda mrefu, na nilichoambulia ni jina langu tu. Innocent alinishika bega akasema, "Ihangane." Kwao neno hilo ni pole na ni vumilia, kwa pamoja.

Kuongeza ile nafasi kukavunja mpango wote, kwa kuwa kila kitu nilikuwa nimekibana kikaegemea kingine. Nikachora sanduku upya. Tukaagiza vizuizi vipya vya umeme, vikachelewa njiani. Kuna tajiri wa Kampala mwenye karakana nyingi za vyuma ambaye alikuwa aje kuiona mashine ikifanya kazi, na akiridhika ndiye ataagiza za kwanza. Ikabidi aombwe asogeze safari. Akasogeza. Sasa anakuja Alhamisi ya tatu kutoka leo, na ndoa yako ni Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Nikibaki kumpokea sifiki Tanga kwa wakati hata nipae.

Tangu siku niliyoletewa habari hiyo sijatulia. Nachora mstari, naufuta, naurudisha palepale. Jioni natoka Gikondo kwa miguu napanda mpaka Kiyovu kwenye majumba ya mabalozi, natembea chini ya miti yao, nashuka tena, na hakuna nilichofuata. Walinzi wa mageti wameshanizoea, mmoja ananiita "Tanzania". Wiki iliyopita tuliiwasha mashine kwa nguvu yote na cheche haikuruka. Tofali likawaka, Innocent akakata bati kama anakata karatasi, Bi Claudine akapiga makofi na kumpigia simu mumewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale nahesabu kichwani basi la kwenda Dar linatoka saa ngapi. Nilijichukia kidogo.

Mama ameniambia mara nyingi kwenye simu, na shangazi akiitikia nyuma: "Baba yenu hayupo. Mkono wa kumtoa dada yako ni wako." Najua. Mimi ndiye kaka, mimi ndiye wali wako wa kukuozesha. Lakini najua pia kuwa wali anaweza kumpa mtu mwingine wakala, na ami Shekue angefurahi kukaa mbele ya kadhi na kanzu yake mpya. Nikaona hiyo ndiyo njia. Ijumaa baada ya swala nikaenda Biryogo kwa Sheikh Swalehe, ambaye akimaliza msikitini hukaa kibarazani kwake akishona kanzu za watu. Nikamweleza habari yote, mashine, tajiri, Ijumaa. Nikamuuliza kama naweza kumpa ami wakala kwa simu mbele ya mashahidi.

Hakuacha kushona. "Wakala iko," akasema. "Watu wanafanya kila siku, wako Burayi, huko Ulaya, wako wapi. Inawezekana."

Nikashusha pumzi, nikanyanyuka nimuage.

"Kaa kwanza. Na dada, yeye anasema je?"

"Dada ameridhia, sheikh."

"Nani alikwambia?"

"Shangazi."

"Na shangazi, nani alimwambia?"

Nikamwambia kuwa wazee walikuuliza pale sebuleni siku ya posa, mama akiwepo, ukainamisha kichwa ukanyamaza, na kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake, hata kwenye vitabu imo. Niliyasema kwa sauti ya mtu anayejua.

Akatoa mguu kwenye cherehani. "Imo," akasema. "Lakini kimya iko nyingi. Iko kimya ya haya. Iko kimya ya mtu analia ndani. Mimi siko Tanga, sijui. Wewe ndiye unatoa. Wewe ulimuuliza, na mdomo yako?"

Nikatikisa kichwa. Akarudi kwenye kanzu yake kama hajasema kitu, akaniuliza kama baridi ya Kigali nimeizoea.

Sauda, nimetembea na swali hilo tangu juzi na kila nikiligeuza linanichoma upande mwingine. Wewe ni mtu wa kunyamaza tangu lini? Si wewe uliyemfuata mwalimu mkuu ofisini kumwambia amekosea kukuandika umechelewa? Siku ya msiba wa baba si wewe uliyetoka ukawaambia wale kina mama waliokuwa wanapiga soga waende wakapigie barabarani, mpaka shangazi akaomba ardhi ipasuke? Ukifurahi unaongea, ukiudhika unaongea mara mbili, na usingizini unaongea, nimelala chumba kimoja na wewe utotoni nakujua. Halafu siku ya kuulizwa habari ya maisha yako yote, unanyamaza, na sisi tunasema alhamdulillahi, ameridhia.

Hamidu sina ubaya naye. Nasikia anaswali, anawaheshimu wakubwa, duka la simenti la baba yake analiendesha vizuri, hanywi. Hayo yote nimeambiwa na shangazi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na shangazi hatakilalia kile kitanda. Kutoka kwako sijasikia hata kwamba mtu huyo ana pua. Kabla hujawekwa ndani uliniambia kuhusu wapishi, kuhusu sare za kina dada, kuhusu ugomvi wa nani atakaa gari la mbele. Yeye hukumtaja. Na kile chuo cha uuguzi ulichonielezea mwaka jana mpaka chaji ikaniishia, tangu posa iletwe hujakitaja tena. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na cheche zangu.

Hilo ndilo linalonikera zaidi. Wiki zote hizi nimekuwa nikihangaika kama nitakuwepo au sitakuwepo, nitampa ami wakala au nitapanda basi, kana kwamba ndoa ni yangu na mashine. Kumbe lililo langu kama wali si kufika tu na kanzu. Ni kukuuliza, na nimekuwa tayari kutoa mkono wangu kwa simu bila kufanya hivyo. Nimeona vibaya, mdogo wangu. Naumia.

Jana nilimwendea Bi Claudine nikamwambia huenda nikaondoka wiki ile ya mgeni.

"Wewe ndiye unayeijua," akasema. "Nani ataiwasha?"

"Innocent anajua kuiwasha."

"Kuiwasha anajua. Mtu wa Kampala akimuuliza kwa nini ni ndogo hivi na bado inakata, atamjibu nini? Oya, Idrisa. Hapana. Tumengoja sana."

Nikamweleza sababu, mpaka habari ya sheikh. Nilitegemea Kinyarwanda, haikuja. Akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Mimi walinijibia," akasema. "Kaka zangu. Tulikuwa Karagwe bado."

Akaingia ofisini. Leo asubuhi amenitumia ujumbe kuhusu pampu ya maji inayovuja, basi. Hajaniambia niende na hajaniambia nibaki. Lakini mimi nimeshamwambia Innocent tukae pamoja Jumatatu nimfundishe maelezo ya mgeni, maana hata kama Kiswahili chake na changu havifanani, ile mashine anaijua kwa vidole.

Sasa fanya hivi. Bi Rehema atakaa Tanga kwa mama yake siku kadhaa. Atakupa simu yake, namba yangu imo. Ingia nayo popote utakapoweza kusema, unipigie. Usitume ujumbe, kwa sababu ujumbe anaweza kuuandika mtu yeyote. Nataka nikusikie.

Ukiniambia unamtaka Hamidu, basi nakuja. Nitakaa mbele ya kadhi mimi mwenyewe, nitampa mkono, nitakutoa kwa furaha, na mtu wa Kampala atamsikiliza Innocent au atarudi kwao. Ukiniambia unamtaka lakini si sasa, mpaka umalize chuo, nalo ni neno, nitalibeba mimi kwa wazee wa Hamidu, na kama ni mwanamume ataelewa. Ukiniambia humtaki, hutahitaji kutoa sababu. Nitampigia mama siku hiyohiyo na kumwambia wali amekataa. Sitasema wewe. Shangazi atanilaani mpaka sauti ikauke, ami atasema elimu imeniharibu, mapishi yatakuwa yameshaagizwa, watu watapata cha kuongea. Niachie mimi lawama hizo. Niko mbali, zitafika zimechoka.

Usimfikirie mama sana katika hili. Mama analia kwa kila kitu, kwa harusi atalia na bila harusi atalia, na baadaye atapika. Usinifikirie na mimi na mashine yangu. Hii kazi naipenda, sikufichi, nimeikalia mpaka mgongo unauma na nikiikosa siku ile itaniuma. Lakini mashine ikishindikana tunachora upya. Nimeshachora upya mara moja, sikufa.

Tukishazungumza, nisalimie mama, mwambie dawa ya goti ninamletea. Msalimie ami Shekue, na kanzu yake asiifungue bado kwenye mfuko. Wasalimie watoto wa dada yetu mkubwa, na yule jirani wa chumvi. Shangazi msalimie kwa heshima zote, najua anatupenda kwa namna yake ya kutusemea.

Barua ukishaisoma ichome. Halafu uniambie, Sauda, kwa sauti yako ile ninayoijua: unamtaka huyu mtu? Wao wamehesabu kimya chako kuwa ni ndiyo. Simu yangu ikikaa bila kulia mpaka siku Bi Rehema atakayopanda basi la kurudi huku, mimi nitahesabu umesema hapana, na hakuna ami atakayekaa mbele ya kadhi kwa wakala wangu.

Ni mimi kaka yako,
Idrisa